Magoli Sita ya Mdogo Wangu

Jirani yangu Mama Sindano anasema alimwona mdogo wangu Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, kwenye ngazi za jengo la vitambaa. Anasema alikuwa amepanda kutafuta bitana ya koti la mteja, akapitiliza ghorofa bila kujijua, akafika kule juu ambako duka lilifungwa siku nyingi na watu hawapandi tena. Akamkuta binti amekaa peke yake kwenye ngazi, amejifunika kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, mkoba kaukumbatia kifuani, anatafuna biskuti kavu. Anasema akamwita kwa jina. Binti akageuzia uso ukutani, akakaza sauti kama mwanamume mwenye mafua, akasema, "Umenifananisha, mama."

"Mimi nimfananishe!" Mama Sindano aliacha kukanyaga cherehani kabisa. "Mtoto niliyemshonea sare tatu! Kiuno chake nakijua kwa sentimita."

"Uso uliuona?"

"Uso wa nini? Nimekwambia kiuno."

"Si umesema alikuwa amekaa? Kiuno umekionaje?"

"Wewe nawe, hakimu!" Akacheka, akanipiga begani na futi yake ya kupimia. "Haya, mimi sisemi kitu. Ila binti wa chuo anayejificha ngazini na biskuti ana moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni mimba, na la pili ni mimba pia."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilicheka naye, nikaenda zangu kazini. Mama Sindano ndiye huyo huyo anayeniita kila asubuhi nimtungie uzi, kwa sababu tundu la sindano halioni. Tena hapendi hadithi ikose chumvi. Ningeweza kuyaacha maneno yake palepale kibarazani.

Lakini saa tisa na nusu Jumamosi mdogo wangu alikuwa uwanjani, anacheza mpira wa mikono. Sikuambiwa na mtu. Jumatatu ile ile niliyasoma matokeo, na saa ya mechi, kwenye ubao wa matangazo wa chuo, nikiwa na kapu la mashuka kiunoni: jina lake, na jina la baba yetu pembeni yake, na mbele yake wameandika magoli sita.

Kwa hiyo kuna mmoja anadanganya, Mama Sindano au ubao. Mama Sindano anadanganya kila siku, lakini hadanganyi bure. Anadanganya akitaka mteja arudi au akitaka watu wacheke. Biskuti zilikuwa za kumpatia nini? Mtu anayetunga uongo wa mimba angeweka gari hapo, na mwanamume mwenye saa ya dhahabu. Asingeweka biskuti kavu. Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Mimi nafua nguo katika chuo hicho hicho. Mwaka wa nne sasa. Chumba chetu kiko nyuma ya jiko la mabweni, na tuko wawili tu: mimi kwenye mashine na mabeseni, na Bi Pasi, mama wa makamo ambaye hajawahi kuunguza hata leso moja na hachoki kukukumbusha. Mdogo wangu alipochaguliwa kuja hapa, nyumbani walisema ni bahati, atakuwa karibu na dada yake. Mimi nikamwambia kinyume. Nilimwambia, "Usije huku kila saa kujificha kwenye mvuke. Tafuta wenzako." Niliona nafanya jambo la maana. Shule yangu iliishia ya msingi, yeye amefika chuo, sikutaka aanze safari yake amekaa kwenye ndoo anakunja mashuka na mimi.

Wanafunzi wapya nawajua kwa foronya. Kila foronya ina namba ya kitanda, na zile za mwaka wa kwanza, wiki tatu za mwanzo, zinakuja na chumvi. Zinakauka zikiwa na duara jeupe jeupe pembeni. Wiki ya nne duara linapotea, na unajua kitanda hicho kimepata rafiki. Ya kitanda thelathini na moja, cha mdogo wangu, duara lilipotea wiki ya nne kama za wenzake. Ndiyo wiki aliyochaguliwa kwenye timu ya bweni. Nikashusha pumzi.

Mashindano hayo yameanzishwa na Mlezi wa Wanafunzi, sisi tunamwita Mama Mlezi. Miaka miwili iliyopita wanafunzi wapya walikuwa wanafungasha mabegi na kurudi makwao hata muhula haujaisha, wengine bila kuaga. Akasema wacheze. Kila bweni timu yake, na wote wawe wa mwaka wa kwanza, ili wajuane. Sheria imebandikwa chini ya matokeo, nami niliisoma siku ile mara mbili: bweni litakaloingiza mchezaji mamluki linafutwa, na mwanafunzi atakayemwazima mtu jina lake anarudishwa nyumbani mwaka mzima.

Sasa, mpira wa mikono una gundi. Wachezaji wanaipaka vidoleni ili mpira usiwaponyoke, kisha kila mmoja ana mahali pake pa kujifutia, na hapabadiliki. Gundi ile haitoki kwa sabuni. Lazima uiloweshe kwanza kwa mafuta ya kupikia, usugue kwa kidole mpaka ilainike, ndipo utie sabuni. Kwa hiyo jezi siziingizi kwenye mashine hivi hivi. Nazitandaza mezani moja moja, natafuta gundi iko wapi. Namba nne anajifutia tumboni kama mtoto aliyemaliza uji. Namba kumi na moja anajifutia shingoni kwa nyuma, Mungu anajua kwa nini. Na namba tisa, ambaye ni mdogo wangu, anajifutia nyonga ya kushoto.

Jezi hiyo nilikuwa nimeshaifua mara mbili bila kufikiri. Jumatatu ile niliitandaza, nikaisimamia.

Mdogo wangu anatumia mkono wa kulia. Anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, mbu akimtua shavu la kushoto anavuka uso mzima kwenda kumpiga kwa kulia. Mkono wa kushoto kwake ni wa kushikia sahani.

Nikajiambia labda anavusha. Nikajaribu mwenyewe, nikapitisha mkono wa kulia tumboni mpaka nyonga ya kushoto, nikafuta. Vidole vinaandika kuelekea nyuma, vimelala. Alama za kwenye jezi zilikuwa zimesimama, zinashuka chini kama mtu anayetia mkono mfukoni. Nikajaribu kwa kushoto. Zikalingana.

"Unawashwa?" Bi Pasi akaniuliza.

"Hapana."

"Basi acha kujipapasa, kuna watu wanapita dirishani."

Hapo ndipo nilipomkumbuka na Kocha. Mabweni mengine nguo zao huletwa na nahodha. Bweni la mdogo wangu, mfuko unaletwa na Kocha mwenyewe. Jumamosi mbili mfululizo aliuweka mezani akasema, "Dada, anza na tisa. Huyo ndiye nyota wetu." Nani ana haraka ya kufuliwa jezi Jumamosi jioni ambayo itavaliwa tena Jumatano? Alipokuja kuzichukua zilizokauka, nikamjaribu.

"Ile tisa naifua kwa mkono, Kocha. Ya mdogo wangu siiachii mashine."

"Mdogo wako?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

Akacheka. "Kumbe damu ya michezo!" Lakini kicheko kiliisha na mdomo bado uko wazi. Akahesabu jezi, akakosea, akahesabu tena. Mfuko uliofuata hakuuleta yeye, aliutuma kwa namba nne.

Mama alipiga simu Jumanne. Ameshamwambia hadi muuza maziwa. "Sita!" anasema. "Magoli sita, mwanangu! Huyo si ndiye aliyekuwa anaogopa kuku?" Nikamwambia ndiye. "Umemwona akicheza?" Nikamwambia niko kazini saa hizo. "Basi siku moja ukamwone, uniambie anavyoruka." Nikamwambia nitakwenda.

Siku hiyo hiyo mdogo wangu akapita kunisalimia. Alikuwa amekonda mashavuni, na alikuwa na ucheshi mwingi kuliko kawaida yake. Nikammiminia chai. Sikumuuliza kitu. Nilisubiri anywe nusu, kisha nikamrushia kipande cha sabuni bila kumwambia. Akakidaka, kwa mkono wa kulia.

"Dada! Ungenimwagia chai!"

"Naona mikono yako bado mizima. Kiwiko hakiumi?"

"Kiume kwa nini?"

"Magoli sita."

"Aa." Akainama kwenye kikombe. "Kidogo tu." Akajisugua kiwiko cha kulia.

"Lile la mwisho ulifungaje?"

"La mwisho?" Akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Nilirusha tu, likaingia. Hata mimi sijui."

Kabla sijaongeza neno, wasichana wawili wa timu wakapita dirishani. "Jina!" mmoja akaita. "We Jina, chai yetu iko wapi? Timu inakufa kiu huku!" Mwenzake akaangua kicheko. Mdogo wangu akasimama mara moja, kama aliyechomwa, akaacha kikombe chake.

"Wanakuitaje?"

"Ni utani tu, Dada." Na akaondoka mbio kwenda kuwapelekea chai.

Nilikiangalia kile kikombe. Mtu aliyefunga magoli sita ndiye analetewa chai. Hapeleki.

Jumatano nilimwomba Bi Pasi anishikie kazi kwa saa moja. "Unakwenda wapi?" akauliza, nikamwambia uwanjani, akaniangalia, akasema, "Basi beba taulo." Alikuwa na akili yule mama. Mwanamke aliyebeba rundo la taulo haulizwi anakwenda wapi. Nilipita geti la uwanja, nikapita nyuma ya wachezaji wa akiba, nikasimama kando ya tangi la maji taulo zikiwa zimenifika kidevuni.

Namba tisa alikuwa mtu mzima. Simsemi kwa ubaya, si mzee, lakini alikuwa mtu mzima. Goti moja lilifungwa bandeji, na alitembea polepole, kama mtu aliye kazini, mpaka mpira umfikie. Ukimfikia, alikuwa mwingine. Aliruka, akarusha kwa kushoto, wavu ukatikisika, akajifutia nyongani huku anarudi nyuma. Na watu wakapiga kelele wakitaja jina la mdogo wangu. Walilitaja lote, wakalikata vipande, wakalipigia makofi. Nilikuwa nalo jina hilo tangu anatambaa, nililiita nikimtafuta kichakani, nililiita nikimwamsha shule, na leo linaitikiwa na goti la mtu nisiyemjua.

Mwanzoni nilishangaa hakuna anayeona. Kisha nikaelewa. Wote ni wageni. Wana wiki saba hapo chuoni, nani atamjua nani kwa sura? Mashindano yenyewe yaliwekwa ili wajuane, na Kocha alikuwa amepenya hapo hapo ambapo hawajajuana.

Mama Mlezi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari. Alipiga makofi kila goli. Ila mara mbili nilimwona anaandika wakati hakuna goli.

Sikurudi kufua. Nilimwachia mtu taulo, nikakata mtaa mpaka jengo la vitambaa, nikapanda. Mdogo wangu aliposikia viatu akavuta kofia, akageukia ukuta.

"Usihangaike kukaza sauti," nikamwambia. "Ni mimi."

Hakulia. Alinisogezea nafasi kwenye ngazi, nikakaa. Tukabaki tunaangalia mlango wa duka lililofungwa.

"Ulimwona?" akauliza mwishowe.

"Nimemwona. Ni nani?"

"Sijui hata anaitwaje. Anacheza timu ya kiwanda fulani. Kocha anamwita Afande."

"Na wewe je?"

Akanieleza, maneno yakitoka kidogo kidogo. Kwenye majaribio alichaguliwa kweli, akaandikishwa, akapigwa picha. Akakaa akiba mechi ya kwanza. Kisha Kocha akamwita pembeni: jina lako litacheza, wewe utapumzika, utabaki mwenzetu kwa kila kitu, ila siku ya mechi usionekane.

"Ukakubali hivyo hivyo?"

"Dada, wiki tatu nilikuwa nakula nimesimama. Nikikaa meza hii nasikia, hapa kuna mtu. Nikikaa ile, hapa kuna mtu. Nilikuwa nakula karibu na mapipa, najifanya nina haraka. Walipoandika jina langu kwenye timu, siku hiyo hiyo wakanisogezea kiti." Alikata biskuti, hakuila. "Wananicheka, najua. Lakini kiti kipo."

Mimi ndiye niliyemwambia asije kwenye mvuke.

"Hilo si kubwa," akasema. "Kubwa ni darasani."

"Kuna nini darasani?"

"Mwalimu akiita majina. Baada ya mechi ya pili niliitika, darasa zima likageuka. Mmoja akasema, ndiye yule wa magoli? Mwingine akasema, mbona siye, yule ni mrefu. Nikaogopa. Nikasema siyo mimi, majina yamefanana. Sasa akiita nanyamaza. Nakaa hapo hapo mbele yake, naandika kila kitu, na ananiwekea sipo."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mwisho ngapi?"

"Kumi na tano. Zikifika hizo, mtihani hufanyi."

Nilihesabu kwa vidole, nikaficha mkono. Siku nne. Ajitokeze, arudishwe nyumbani mwaka mzima kwa kuazimisha jina. Anyamaze, mtihani umempita. Na siku yoyote ile anaweza kukamatwa.

"Usiseme, Dada," akaniambia. "Nakuomba. Fainali Jumamosi, ikiisha yataisha. Mama atawaambia nini watu?"

"Na Jumatatu ukiitwa darasani, utaitika?"

Akaangalia chini. "Watakuwa wamemzoea yule," akasema.

Alhamisi Kocha alikuja mwenyewe. Hakuwa na mfuko wala jezi. Alisimama mlangoni akasubiri Bi Pasi atoke kwenda kuanika, kisha akaingia, akaegemea mashine kana kwamba ni yake.

"Nasikia ulikuja uwanjani."

"Nilipeleka taulo."

"Hatukuagiza taulo."

"Basi mtazitumia siku nyingine."

Akatabasamu. Ana meno mazuri, yule mtu. "Dada yangu, mimi na wewe tunamtakia mema yule mtoto. Ametoka mbali. Wengine wote hapa hawana wa kuwashika mkono, yeye anaye dada, anaye na kocha. Likiharibika, mimi nitapewa onyo, nitahamishiwa riadha. Afande atarudi kiwandani kwake. Atakayefungasha begi unamjua." Akaokota kibanio cha nguo, akakibana kwenye kola yangu, taratibu, kama baba anayemtania mwanawe. "Wewe fua tu, dada. Kazi yako ni kufua."

Alipotoka nilikibandua kile kibanio, nikakitupa kwenye kapu. Maneno yake yalikuwa ya kweli yote, ndiyo ubaya wake. Nilitafuta uongo ndani yake nisiuone.

Ijumaa saa nne asubuhi mdogo wangu akaja. Ilikuwa saa ya darasa. Hakunisalimia hata, akapita moja kwa moja mpaka kule ndani anakopigia pasi Bi Pasi, nyuma ya mashuka yaliyoning'inia, akakaa kwenye kreti. Nikajua hakuingia darasani kabisa. Mpaka jana alikuwa anakaa na kunyamaza. Leo hata kukaa kumemshinda.

"Leo ya kumi na tatu," akasema kutoka nyuma ya shuka.

Haikupita hata robo saa, mlango ukabishwa. Watu hawabishi mlango wa kufulia, wanaingia tu wakitaja namba ya kitanda. Alikuwa Mama Mlezi, faili kwapani.

"Kuna mahali pa kukaa?" akauliza. Kabla sijajibu, akageuza ndoo, akaipangusa kwa kiganja, akakaa na sketi yake nzuri. Nikajikausha. Mkubwa akikaa kwenye ndoo yako, kuna kitu anakitaka ambacho hawezi kukiagiza akiwa mezani kwake.

"Pole na kazi."

"Nimeshapoa, Mama Mlezi."

"Huyu mfungaji wa bweni la pili, nimeambiwa ni ndugu yako."

"Mdogo wangu."

"Anafunga vizuri."

"Ndivyo ubao unavyosema."

Akaniangalia. Macho yake hayakuwa makali, na hilo likanipa wasiwasi zaidi. Akafungua faili magotini, akatoa karatasi ya mahudhurio. Niliona safu ya jina la mdogo wangu kwa kichwa chini: mikato, mikato, mikato. "Uwanjani yupo kila mechi," akasema. "Darasani hayupo. Mtu anayekimbia saa nzima kwenye jua si mgonjwa. Sasa nini? Nilianzisha michezo hii ili watoto wasipotee. Nataka kujua kama huyu amenipotea."

Maneno mazuri. Lakini mimi nilikuwa naangalia faili. Chini ya karatasi ya mahudhurio kulikuwa na nyingine, kona yake imetokeza, na kwenye kona hiyo kulikuwa na picha ndogo ya pasipoti, nusu. Nilijua nyusi zile. Kama ana fomu ya kujiandikisha yenye picha, na Jumatano alikaa hatua kumi kutoka kwa namba tisa, basi hakuja kuuliza. Ameshajua. Amekuja nimwambie mimi, kwa mdomo wangu, awe na shahidi.

Au amekuja kwa sababu hataki kuanza na Kocha. Sikuweza kujua ni lipi.

"Tuseme," nikaanza.

"Tuseme."

"Tuseme kuna mtoto amefanya kosa kwa sababu alikuwa mpweke. Halafu akaja mwenyewe. Hakukamatwa, amekuja."

"Yupo mtoto wa namna hiyo?"

"Nimesema tuseme."

Akatabasamu kidogo, akatoa kalamu. "Sheria umeisoma?"

"Mara mbili."

"Niliiandika mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akawa anaigonga kalamu kwenye faili. Na hapo shuka moja likasogea. Nilitaka kugeuka nimfanyie ishara abaki, lakini Mama Mlezi alikuwa ameshainua uso. Mdogo wangu alitoka na kusimama kati ya mashuka mawili, kofia ya sweta mgongoni, nywele zimelala upande mmoja. Bi Pasi nyuma yake aliinua pasi juu na kuishikilia hewani.

Mama Mlezi hakusogeza ile picha. Hakuhitaji. "Habari yako, binti," akasema taratibu. "Wewe ni nani?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikajua safari hii anakwenda kulitaja. Nikapiga hatua, nikasimama mbele yake, mikono yangu bado ina povu mpaka viwikoni.

"Subiri," nikamwambia yeye. Kisha nikamgeukia yule mama. "Mama Mlezi, mimi sina elimu ya kubishana na sheria yako. Ila kabla hajajibu nakuomba kitu kimoja. Uniambie hapa, tukiwa sisi wanne. Akilitaja jina lake sasa hivi mbele yako, Jumatatu atakuwa darasani, au atakuwa nyumbani kwa mama?"

Kalamu ikaacha kugonga. Mama Mlezi alimwangalia mdogo wangu, akaniangalia mimi, kisha akaangalia mlango ambao aliuacha wazi alipoingia. Akainuka kwenye ndoo, akaenda akaufunga, akahakikisha umefungika. Akarudi, akakaa, akaweka faili magotini limefungwa, kalamu ndani yake.

"Mama Mlezi," nikasema. "Nimekuomba."